Mtoto Aliyelala Njia Nzima: Hoja Dhidi ya Safari ya Usiku kwenda Mombasa

Miongoni mwa familia za Nairobi zinazokwenda likizo Mombasa kwa gari lao, hasa Agosti na Desemba shule zinapofungwa, umejengeka msimamo ambao ni nadra kuhojiwa, nao ni kwamba mwenye watoto wadogo sharti aondoke usiku. Gari hupakiwa jioni, watoto hulishwa na kuvalishwa nguo za kulalia, blanketi na mito hutandazwa kwenye kiti cha nyuma, na dereva, ambaye mara nyingi ametoka kazini siku hiyohiyo, hushika usukani saa tatu au saa nne usiku akitarajia kuwaamsha watoto bahari ikiwa mbele yao. Safari ya namna hiyo husifiwa kwa maneno machache, kwamba watoto hawakusumbua. Makala haya yanashikilia kwamba sifa hiyo ndiyo kasoro yake, kwamba barabara ya kilomita zipatazo 480 iliyopo kati ya miji hiyo miwili ndiyo sehemu ya likizo inayomfaa mtoto wa miaka miwili hadi saba kuliko sehemu nyingine yoyote, na kwamba kuivusha familia gizani ni kumnyima mtoto fungu lake na kumwongezea hatari ambayo hakuiomba, kwa manufaa ya watu wazima peke yao.

Wanaoutetea msimamo huo si wazembe. Wengi ni wazazi waliowahi kukaa garini mchana kutwa na mtoto aliyeanza kulia Sultan Hamud na ambaye hakunyamaza hadi Mariakani, na wana sababu zao: mtoto aliyelala hachoki wala hachoshi, usiku magari madogo hupungua na jua la Tsavo halipo, na gharama ya kulala njiani huokolewa. Chini ya sababu hizo zote, hata hivyo, ipo nyingine inayozibeba, ambayo aghalabu hutamkwa kama jambo lisilohitaji uthibitisho, kwamba mtoto mdogo haelewi anachokiona njiani na hatakikumbuka, kwa hiyo akilala hakuna kinachopotea. Hiyo ndiyo inayostahili kujibiwa kwanza, kwa kuwa ikianguka, zilizobaki huwa ni masuala ya mipango tu.

Ukweli upo ndani yake. Wanasaikolojia huita usahaulifu wa utotoni ile hali ambayo mtu mzima yeyote anaweza kuithibitisha akijichunguza, kwamba matukio ya kabla ya umri wa takriban miaka mitatu na nusu hayarudi akilini, na ya miaka michache inayofuata hurudi vipandevipande. Sigmund Freud aliijadili mwanzoni mwa karne ya 20 na waliomfuata, ingawa walizikataa sababu alizozitoa, hawakuikataa hali yenyewe. Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba mtoto hakupata kitu ni kuruka daraja zima la hoja. Mwaka 1972 Endel Tulving, mwanasaikolojia wa Kanada aliyezaliwa Estonia, alipendekeza kutenganisha kumbukumbu ya matukio, yaani uwezo wa kulirudia akilini jambo lililotokea mahali fulani na wakati fulani, na kumbukumbu ya maarifa, yaani akiba ya mambo ambayo mtu anayajua bila kukumbuka aliyajua lini. Hakuna anayeikumbuka siku aliyotambua kwamba mto huteremka au kwamba kitu kilicho mbali huonekana kidogo, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba siku hiyo ilipita bure. Sehemu kubwa ya yale ambayo mtu anayajua kuhusu umbo la dunia aliyapata katika umri huohuo anaousahau.

Hata kwa mtoto mchanga kabisa, madai ya kwamba mambo humpita bila kuacha alama hayakusalimika mbele ya majaribio. Carolyn Rovee-Collier, mtafiti wa Marekani, alifunga utepe kati ya kifundo cha mguu wa mtoto na vitu vya kuchezea vilivyoning'inizwa juu ya kitanda chake, mtoto akagundua kwamba akipiga teke vitu hivyo hutikisika. Mtoto wa miezi mitatu aliendelea kulijua jambo hilo kwa takriban wiki moja, wa miezi sita kwa takriban wiki mbili, na wote wawili walidumu nalo kwa muda mrefu zaidi walipokumbushwa kidogo kwa kuonyeshwa vitu vile vikitikisika. Kwa suala la likizo, ukumbusho huo una uzito kuliko jaribio lenyewe. Tafiti za Robyn Fivush na Elaine Reese juu ya mazungumzo ya wazazi na watoto zimeonyesha kwamba watoto ambao mama zao huyazungumza mambo yaliyopita kwa upana, wakiuliza, wakijaza na wakisubiri jibu, hukua wakiwa na simulizi pana zaidi za maisha yao wenyewe. Kumbukumbu ya utotoni, basi, si kitu ambacho mtoto huzaliwa nacho au hukikosa, bali ni kazi ambayo familia huifanya kwa pamoja baada ya tukio, na kazi hiyo huhitaji malighafi. Mzazi hawezi kumuuliza mtoto wiki mbili baadaye kama anawakumbuka tembo waliokuwa wekundu, ikiwa wakati wa kuwapita tembo hao mtoto alikuwa amefunikwa blanketi.

Isitoshe, hoja ya kusahau humrudia mwenyewe aliyeitoa. Mzazi anayesema kwamba mtoto wa miaka mitatu hataikumbuka Voi ndiye anayelipia hoteli ya Nyali au Diani kwa ajili ya mtoto huyohuyo, humnunulia boya la kuogelea na kumpiga picha akiwa juu ya ngamia wa ufukweni. Kama kusahau ni sababu ya kutosha ya kumlaza njiani, ni sababu ya kutosha pia ya kumwacha nyumbani kwa nyanya yake hadi atimize miaka minane. Hakuna anayekubali kuifikisha hoja yake huko, na kukataa huko kunaonyesha kwamba kinachopimwa kwa kweli si kumbukumbu ya mtoto, bali ni dhana kwamba likizo iko mwisho wa barabara na kwamba barabara yenyewe ni ushuru unaolipwa ili mtu aruhusiwe kuingia. Dhana hiyo ni ya mtu mzima mwenye siku chache za ruhusa, na mtoto haishiriki. Mwanasaikolojia Jean Piaget alikiita kipindi cha takriban miaka miwili hadi saba hatua ya kabla ya utendaji wa kimantiki, akimaanisha umri ambao mtoto hufikiri kwa yale anayoyaona na kuyagusa, kabla hajaweza kuendesha akilini vipimo visivyoonekana. Kwa mtoto wa namna hiyo kilomita 480 si kitu, wala saa nane si kitu, na ramani ni karatasi yenye rangi. Umbali ataujua kwa njia moja tu, nayo ni kuyapita mambo yaliyo katikati. Mtoto aliyefumba macho akiwa Embakasi na kuyafumbua akiwa Bamburi amepewa mahali pawili pasipo na uhusiano, baridi hapa na joto pale, na hana sababu ya kudhani kwamba bahari iko mbali na kwao kuliko lilivyo duka la mtaani.

Na yaliyo katikati katika barabara hii si haba. Familia inayoondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi huanza safari ikiwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, watoto wakiwa na sweta, na baada ya Athi River huingia tambarare za Kapiti, ambako pundamilia na swala wanaweza kuonekana bila kulipia kiingilio cha hifadhi yoyote. Kati ya Sultan Hamud na Emali, asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro hujitokeza upande wa kulia, mita 5,895 za mlima ulio katika nchi nyingine, na jambo hili ni la asubuhi tu, kwa sababu kadiri joto linavyopanda ndivyo mawingu yanavyoufunika; anayepita hapo usiku hauoni, na anayepita adhuhuri pia mara nyingi hauoni. Makindu lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo asili yake ni mafundi na wafanyakazi wa reli waliotoka Punjab, na ambalo hadi leo humkaribisha msafiri wa dini yoyote kwa chakula cha bure, mradi avue viatu na ajifunike kichwa. Ni vigumu kutaja somo la ukarimu ambalo mtoto wa miaka mitano angelielewa vizuri kuliko hilo, la kuketi sakafuni akila dengu na chapati alizopakuliwa na mtu asiyemjua ambaye hataki pesa.

Baada ya Kibwezi huanza mibuyu, na kwa mtoto wa Nairobi mbuyu ni tukio. Vilima vya Chyulu, ambavyo ni volkano changa kwa vipimo vya kijiolojia, husindikiza barabara upande wa kulia; mvua inayonyesha juu yake hupenya katika majivu na miamba yenye matundu, husafiri chini ya ardhi na kuibuka katika chemchemi za Mzima, ambako bomba huyachukua maji hayo hadi Mombasa, kiasi kwamba mtoto anayefungua bomba mjini humo huenda anakunywa mvua ya vilima alivyoonyeshwa jana. Mtito Andei, karibu na nusu ya njia, sweta huwa zimevuliwa. Kutoka hapo barabara na reli hupita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1948 ambayo pande zake mbili kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na ardhi hugeuka nyekundu. Tembo hujirushia vumbi hilo na kujigaragaza katika matope yake hadi hufanana nayo, nao huonekana kutoka barabarani, wakati mwingine wakipita katika vivuko vilivyoachwa chini ya tuta la reli mpya ili wasitenganishwe na malisho yao. Kwenye daraja la mto Tsavo ndipo simba wawili walipowashambulia wajenzi wa reli mwaka 1898 hadi John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja hilo, alipowaua mwezi Desemba. Ngozi zao zimo katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, na hazina manyoya shingoni ingawa walikuwa madume, jambo ambalo mtoto wa miaka sita atalibishania hadi Voi.

Zipo pia reli zenyewe, ya zamani iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na ile pana iliyofunguliwa mwaka 2017, zikikimbia sambamba na barabara, na yapo malori. Wazazi huyahesabu malori kama kero, na kwa dereva ni kero kweli, lakini kwa mtoto ni maonyesho yasiyokwisha, tena yenye maana kuliko anavyodhania mzazi wake, kwa sababu namba zake za usajili ni za Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, na mizigo iliyopakiwa ni ile iliyoshushwa katika bandari ya Kilindini kwa ajili ya Kampala, Kigali na Goma. Hapana darasa la chekechea linaloweza kumwonyesha mtoto kwamba nchi zina majirani kwa uwazi kama mchezo wa kutafuta namba za kigeni kati ya Manyani na Maungu. Kwenye mji wa Mackinnon Road upo msikiti kando ya reli wenye kaburi la Sayyid Baghali, ambapo wasafiri husimama kuomba salama. Kisha hufuata nyika ya Taru, kavu na kimya, iliyowahi kuogopwa na misafara ya karne ya 19, ambayo maji yake yalikuwa ni yale tu yaliyobaki katika ngurunga, yaani mashimo ya asili ya mwambani yanayohifadhi mvua. Misafara ile ikitembea usiku ilikuwa na udhuru wa kiu. Familia yenye chupa za maji kwenye buti ya gari haina udhuru huo. Mwisho, karibu na Mariakani, minazi huanza kuonekana, hewa hubadilika, na mtoto ambaye ameishusha nchi nzima kwa macho yake hadi usawa wa bahari hufika akijua kwamba amefika.

Hoja ya pili, kwamba usiku ni salama kwa sababu barabara ni nyeupe, haistahili upole mwingi. Sehemu kubwa ya barabara hii ina njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, bila ukuta wa kuzitenganisha, na malori yanayokwenda taratibu hulazimisha magari madogo kuyapita kwa kuingia upande wa wanaokuja. Usiku malori hayo hayalali. Baadhi huharibika na kusimama palepale kwenye lami bila taa, yakiwa na matawi ya miti yaliyotupwa nyuma yake kama onyo. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa, mwendo ambao hauvuki kikomo kinachoruhusiwa magari madogo, hula takriban mita 28 kila sekunde; dereva mwenye afya huhitaji sekunde moja na nusu hivi kuona na kukanyaga breki, na hapo mita 42 zimekwisha, kisha gari huhitaji mita nyingine zipatazo 55 kusimama hata lami ikiwa kavu. Taa zilizoinamishwa ili zisimuumize macho anayekuja humulika kwa uhakika mita 60 hivi. Hesabu hiyo haina haja ya mtaalamu: dereva huyo akiliona lori lisilo na taa, ameshachelewa. Mchana kosa hilohilo lina nusu kilomita ya kusahihishwa.

Juu ya giza huongezwa usingizi. Mwili wa binadamu hufuata mzunguko wa takriban saa 24 ambao huuvuta kulala kwa nguvu zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na mvuto huo haushindwi kwa kahawa wala kwa redio, huahirishwa tu. Mwishoni mwa mwaka 2013, baada ya mfululizo wa ajali mbaya, serikali ya Kenya iliyazuia mabasi ya abiria kusafiri usiku, na baadaye ikayaruhusu kwa masharti ya leseni maalumu. Kanuni za uchukuzi wa abiria huwawekea madereva wa kulipwa kikomo cha saa za kuendesha. Dereva wa gari la familia hana msimamizi wala wa kumpokea. Ni mtu aliyefanya kazi ofisini tangu asubuhi ya Ijumaa, akapakia gari jioni, na ambaye ifikapo Voi amekuwa macho kwa takriban saa 20, huku abiria wake wote, ambao ndio wangemzungumzisha, wamelazwa kwa makusudi.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba matandiko yanayoifanya safari ya usiku iwezekane ndiyo yanayoondoa kinga ya mtoto. Mtoto anayelala kwa kujinyoosha kwenye kiti cha nyuma hajafungwa mkanda, na mtoto mchanga anayelala vizuri hulala kwenye mapaja ya mama. Mama hudhani kwamba mikono yake itamzuia. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likigonga kitu na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 200, na hapana mikono ya binadamu inayoweza kuushika uzito huo, hata iwe na mapenzi kiasi gani. Kiti cha mtoto cha gari, yaani kile kinachofungwa kwa mkanda na ambacho chenyewe humfunga mtoto mabegani na kiunoni, kilibuniwa kwa ajili ya nguvu hiyo. Shirika la Afya Duniani limetaja majeraha ya barabarani kuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na halikuwatenga waliokuwa wakienda likizo. Ni kweli kwamba mtoto anaweza kulala akiwa amefungwa katika kiti chake, na mzazi anayesafiri usiku kwa utaratibu huo amejibu sehemu hii ya lawama. Lakini mtoto aliyekaa katika kiti hicho usiku kucha hajalala kama alivyoahidiwa, wala hawezi kushushwa anyooshe miguu kila baada ya saa mbili kama madaktari wa watoto wanavyoshauri, kwa sababu mzazi mwenye busara hasimami kando ya nyika usiku wa manane.

Kuhusu kutapika, ambako wazazi hukuogopa kuliko ajali, jambo linajulikana vya kutosha. Kichefuchefu cha garini hutokana na kutopatana kwa taarifa mbili zinazoufikia ubongo, ya sikio la ndani linalohisi mwendo na ya jicho linalotazama kitu kisichoenda. Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kupatwa nacho. Huwazidi zaidi wale wa umri wa shule ya msingi. Ndiyo maana kumpa mtoto simu au tableti atazame katuni, dawa ambayo siku hizi imewekwa mahali pa usingizi katika safari za mchana, humletea ugonjwa uleule unaokusudiwa kuzuiwa, ilhali kutazama mbele nje ya dirisha, mbali, hupunguza. Mibuyu ni tiba bora kuliko katuni, na haihitaji chaji.

Jua la Tsavo si hoja ndogo, na anayependekeza safari ya mchana bila kulijibu hajawahi kupita Manyani saa nane mchana katika gari ambalo kipoza hewa chake hakifanyi kazi. Jibu lake ni kuikata safari vipande viwili. Familia iliyotoka Nairobi alfajiri, ikasimama Emali kununua maembe na ikala Makindu, inaweza kufika Mtito Andei kabla ya adhuhuri, au Voi mapema alasiri ikiwa watoto wanavumilia, ikalala humo kwenye vyandarua kama itakavyolala Mombasa, kwa kuwa malaria ipo kote kuwili, kisha ikamalizia njia asubuhi ya pili kukiwa bado na ubaridi. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, mahali pazuri pa kuuzoesha mwili wa mtoto joto kabla ya unyevu wa pwani.

Hapo ndipo huinuliwa pingamizi la gharama, kwamba chumba cha Voi ni pesa ambayo safari ya usiku huiokoa. Huiokoa, hilo halikanushiki. Kinachofichwa ni malipo yake. Dereva aliyekesha hufika Mombasa alfajiri na kulala hadi alasiri, mwenzake aliyekuwa akimtazama asisinzie naye hana nguvu, na watoto, ambao peke yao ndio waliopumzika, huamka wakiwa na nishati yote ya dunia katika mahali pageni penye bwawa la kuogelea na bahari. Siku ya kwanza ya likizo, ambayo imelipiwa, huwa siku ya watu wazima waliolala na watoto wasio na mwangalizi aliye macho, na hatari ya siku hiyo haipungui ile ya barabarani. Chumba cha mji mdogo njiani ni rahisi kuliko siku moja ya hoteli ya ufukweni iliyopotea kwa namna hiyo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwenye treni. Yupo atakayesema kwamba mwenye kujali usalama wa watoto angepanda treni ya reli pana, inayofika kwa takriban saa tano au sita, mchana, pasipo dereva wa kusinzia wala lori lisilo na taa, na dirisha lake huwaonyesha tembo walewale. Pingamizi hilo ni sahihi kwa kiasi kikubwa, na kati ya treni ya mchana na gari la usiku hapana ulinganisho: treni ishinde. Familia isiyotaka chochote cha njiani ila kufika, basi ifike kwa reli. Upungufu wa treni ni kwamba haisimami kwa amri ya mtoto. Haimruhusu kushuka kugusa gome la mbuyu, kuvua viatu Makindu, kurudi nyuma mita mia moja kwa kuwa kinyonga alikuwa barabarani, wala kukojoa nyuma ya kichaka, jambo ambalo kwa umri huo huhesabiwa kuwa fahari. Gari lina uwezo huo mmoja ambao chombo kingine hakina, uwezo wa kusimama, na anayelichukua gari kisha akakimbia usiku bila kusimama amechagua hatari zote za gari na akaitupa faida yake pekee.

Linabaki suala la siku, ambalo ndilo huwashinda wengi hasa wakati wa kurudi. Ruhusa ya kazi ni fupi, shule inafunguliwa Jumatatu, na Jumapili jioni barabara ya kutoka Mombasa hujaa magari ya familia yanayokimbilia usiku uleule uliolaaniwa hapa juu, yakiwa na madereva waliochoka kwa jua na watoto waliochoka kwa maji. Safari ya vipande viwili huhitaji siku mbili za kwenda na mbili za kurudi, na familia yenye siku sita itaona kwamba zimebaki mbili tu za bahari. Hesabu hiyo ni sahihi, na ikiwa lazima kitu kipunguzwe, kipunguzwe cha ufukweni. Mtoto wa miaka minne huchimba shimo mchangani siku ya kwanza, na siku ya pili, ya tatu na ya nne atachimba shimo lilelile, kwa furaha ileile, na hatajua kwamba zilikusudiwa kuwa nne.